Mama Mapazia na Ada ya Kadi ya Safari

Mama Mapazia hakuwa mtu wa kusafiri. Kwa miaka mingi safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka chumba chake cha kushonea hadi duka la vitambaa, halafu kurudi na jora begani, akipishana na watu kwenye ngazi na kuwaomba radhi kila hatua. Kwa hiyo siku mumewe alipoiona kadi ya benki yenye picha ya ndege imelala kando ya sahani ya vifungo, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama watoto, ndege hii itatua wapi? Hapa mezani?"

Mumewe alikuwa akifundisha watu kuendesha gari. Kutwa alikaa kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya akiba, akisubiri mwanafunzi akosee. Kazi hiyo ilikuwa imemwingia mwilini. Hata nyumbani, mkewe akitaja jambo jipya, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kabla mdomo haujafunguka. Mtaani walimwita Mwalimu, na mkewe alimwita hivyo hivyo.

Kadi yenyewe ilikuja kwa njia ya kazi. Mwaka uliopita Mama Mapazia alikwenda kutundika mapazia kwenye tawi la benki, na msichana wa dawati la kadi, ambaye kila alasiri alikuwa akipigwa na jua machoni, alifurahi kama mtu aliyejengewa nyumba. Akamketisha, akamweleza. Kila ukinunua kitu kwa kadi hii unapata pointi, pointi zikifika idadi fulani zinageuka tiketi ya ndege, na ada ya mwaka wa kwanza hulipi. Mama Mapazia aliichukua kama anavyochukua kipande cha sampuli dukani: aende nacho nyumbani, akitazame kwenye mwanga wake mwenyewe.

Akaitumia kwa adabu. Sabuni, sukari, bili ya umeme, dawa ya kikohozi ya Mwalimu. Kila mwisho wa mwezi alilipa deni lote, maana yule msichana alimwambia wazi kwamba ukibakiza kidogo tu, riba inakula faida yote na kulamba vidole. Mwaka ukapita. Pointi zikawa elfu tisa. Tiketi ilitaka elfu arobaini.

Ndipo benki ikamwandikia kwamba mwaka wa bure umekwisha. Ada ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo kadi inafungwa na pointi zinafutika. Ada hiyo ilikuwa sawa na ujira wa kushona mapazia ya sebule mbili. Mama Mapazia alipima kila kitu kwa sebule. Friji lilikuwa sebule nane, jino la kung'oa nusu sebule.

"Irudishe," Mwalimu alisema. "Sebule mbili kwa picha ya ndege? Nitakuchorea mimi, kwa kikombe cha chai."

Na angeirudisha kweli, kama wiki hiyo hiyo dada yake pacha asingepiga simu.

Huyo pacha alimtangulia kuzaliwa kwa dakika chache, na hakuwahi kuacha kumkumbusha. Walianza kushona pamoja wakiwa wasichana, kwa cherehani moja, mmoja akizungusha gurudumu na mwingine akishika kitambaa. Kisha pacha akapata mchumba, akaenda naye nchi ya mbali, na huko huko wakafunga ndoa ya haraka ofisini kwa sababu ya karatasi za kuishi. Mama Mapazia aliiona ndoa hiyo kwenye picha. Kando ya bibi harusi, akitia saini ya ushahidi, alisimama jirani fulani mwenye koti la mvua. Picha hiyo hakuitundika mahali popote. Miaka ikaenda, yule mume akafariki, watoto wakakua, na sauti ya pacha kwenye simu ikawa ya mtu anayezungumza akiwa amekaa peke yake jikoni.

Siku hiyo sauti ilikuwa nyingine.

"Pacha, naolewa."

"Unaolewa na nani, wewe?"

"Na mwanamume. Ulidhani na nani?"

"Kwa umri huu! Ana meno?"

"Yote. Nimekagua."

Wakacheka mpaka Mwalimu akaja mlangoni kuuliza nani kaanguka. Kisha pacha akateremsha sauti. "Sikiliza. Mara ile alisimama mtu baki. Mara hii shahidi wangu ni wewe. Tumeshika tarehe, ni baada ya miezi mitano. Ukiniambia huwezi, nitaelewa. Lakini niambie mapema, nisije nikawa natazama mlango siku yangu ya harusi."

Mama Mapazia akasema atakuja. Alipokata simu akapiga nyingine, kwa wakala wa tiketi, akaambiwa nauli ya kwenda na kurudi. Sebule kumi na tano. Akiba yao ilikuwa imeliwa na paa jipya miezi michache nyuma, na bado walikuwa wakimlipa fundi wa paa kidogo kidogo. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani, bila kushona.

Kesho yake akachukua chaki ya fundi, akaisafisha meza ya kukatia, akaandika hesabu juu ya mbao. Mwalimu akavuta kiti akae kama mtahini.

Upande mmoja akaandika ada. Upande wa pili akaanza kuandika kila ambacho benki ilimwahidi. Chumba cha kupumzikia uwanja wa ndege, chenye viti laini na chai. Bima ya mizigo. Punguzo la hoteli. Punguzo la kukodi gari. Alipomaliza alivitazama, akavifuta vyote kwa kiganja.

"Mbona unafuta? Vilikuwa vinapendeza," Mwalimu alisema.

"Mimi simtozi mteja reli ya dirisha ambalo hana. Hoteli silali, gari sikodi. Nitajipa faida ya uongo halafu nilipe ada ya kweli?"

Ikabaki tiketi tu. Benki ilisema pia kwamba atakayelipa ada, na akanunua vitu vya kiasi fulani kwa kadi ndani ya miezi mitatu, atazawadiwa pointi elfu ishirini na tano kwa mkupuo. Mama Mapazia akakijumlisha kila wanachonunua nyumbani, akakizidisha kwa miezi mitatu, akakiweka chini ya kiasi kile. Ilikuwa kama kuweka leso chini ya shuka. Hata angenunua sabuni ya kuoshea mtaa mzima asingefika nusu.

"Breki, mama," Mwalimu alisema, safari hii kwa upole. "Haifiki. Mpigie dada yako."

Akaipangusa meza. Hakupiga simu. Alisema moyoni, ngoja kwanza nikapime yale madirisha.

Madirisha hayo yalikuwa ya nyumba ya wageni yenye vyumba arobaini, iliyokuwa ikitengenezwa upya. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti kubwa, mafundi wake walimwita Bibi Vyumba, na alikuwa na tabia ya kubishana juu ya kila kitu kwa furaha, kama wengine wanavyocheza karata. Mama Mapazia akapima dirisha la chumba cha kwanza, akamtajia mita za kitambaa.

"Dada yangu, mimi si mtoto," Bibi Vyumba alisema. "Dirisha hili ni mita mbili. Unanitajia tano. Hizo tatu unamshonea nani?"

"Ni za dirisha hili hili. Ukinipa mita mbili, pazia litakaa kama shuka kwenye kamba. Mikunjo ndiyo inayolifanya liwe pazia. Nikipima kioo peke yake nitakudanganya. Inabidi nipime kitambaa chote kitakachopita pale juu."

Alipomaliza kusema, tepu ikamponyoka mkononi.

"Vipi? Umeona nyoka?" Bibi Vyumba aliuliza.

"Hapana. Nimeona ujinga wangu."

Kwa maana kadi ile aliipima kwa kioo. Alihesabu sabuni na sukari yake, pesa yake mwenyewe, basi. Ila pesa iliyopita mikononi mwake kila mwezi ilikuwa kubwa kuliko hiyo mara nyingi: pesa ya vitambaa vya wateja. Hakuwahi kuitia hesabuni kwa sababu ya desturi yake ya kazi. Mteja akileta pesa ya kitambaa, Mama Mapazia aliitia bahasha, akabana juu yake kwa pini kipande cha kitambaa alichochagua mteja, na bahasha hiyo haikuguswa mpaka ifike kwa muuza vitambaa, taslimu, noti zile zile. Mafundi wengine walinunua unga kwa pesa ya mteja halafu wakatafuta kitambaa kwa pesa ya mteja mwingine, na mwisho wake aliuona: cherehani zinabebwa na wadai. Pesa ya bahasha haikuwa yake, na hilo lilimkaa kichwani kiasi kwamba hata kwenye hesabu haikuingia.

Lakini kama atalipa kitambaa kwa kadi, na siku ile ile akaibeba bahasha mpaka benki, akaiweka yote kwenye kadi, je, ameigusa? Aliligeuza jambo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Akaona hajaigusa. Amebadilisha mlango tu. Vyumba arobaini vya Bibi Vyumba, peke yake, vilitosha kufikia kiasi cha benki, na pointi za manunuzi yenyewe zingeziba pengo lililobaki mpaka arobaini elfu.

Kikwazo kilikuwa kingine, nacho kilikaa nyuma ya kaunta na kunywa chai. Muuza vitambaa, Bwana Jora, aliwapunguzia wanaolipa taslimu tatu katika kila mia. Wa kadi hakuwapunguzia chochote. Na punguzo hilo, kwa desturi ya Mama Mapazia, lilirudi kwa mteja pamoja na risiti. Kwa hiyo akitumia kadi, pointi ni zake na hasara ni ya Bibi Vyumba. Hilo hakulitaka hata kwa tiketi kumi.

Akaenda kwa Bwana Jora asubuhi, kabla duka halijachangamka.

"Bwana, nina vyumba arobaini. Nataka kulipa kwa kadi, na punguzo nalitaka."

"Shemeji, kadi inaning'ata! Ile mashine unayoiona pale inakula kuliko watoto wangu."

"Inakula ngapi?"

Bwana Jora akatazama dari. "Inakula."

"Inakula ngapi, bwana? Mimi nakutajia mita zangu kwa sentimita."

Akataja. Haikufika mbili katika mia.

"Basi hiyo ikate," Mama Mapazia alisema, "na ile inayobaki nipe. Nitachukua vyumba vyote kwako, sitakwenda kwa jirani yako kuulizia bei. Nawe unitengee majora yote ya rangi moja leo, uyaandike jina langu. Kitambaa kilichotiwa rangi siku nyingine hakifanani, hata kama namba ni ile ile. Mimi nitayalipia ghorofa kwa ghorofa, kwa sababu kadi yangu ina kikomo."

"Na wewe huna kikomo?"

"Mimi sina."

Bwana Jora akacheka, akaagiza chai ya pili. Mama Mapazia alijua kwamba muuzaji akikuagizia chai, bei imeshashuka. Wakakubaliana nusu ya punguzo.

Habari ya nusu iliyopotea akaipeleka mwenyewe kwa Bibi Vyumba, akamweleza jambo zima waziwazi, tangu pacha mpaka pointi. "Kiasi hiki utakachokosa nitakikata kwenye ujira wangu. Hutapoteza hata shilingi. Ukiona haifai, sema, nitalipa taslimu kama siku zote."

Bibi Vyumba akaweka mikono kiunoni. "Ungeweza kuninyamazia."

"Ningeweza."

"Dada yako huyo anaolewa kwa mara ya pili? Na mimi hata ya kwanza ilinishinda!" Akapiga kofi. "Fanya. Ila hayo mapazia yakipinda, nitakuja na mimi kwenye hiyo harusi, nikuaibishe."

Jioni hiyo jua likiwa bado dirishani, chaki ikarudi mezani. Ada, sebule mbili. Punguzo alilolibeba mwenyewe, karibu mbili. Kodi za uwanja wa ndege, ambazo hata tiketi ya pointi inazidai, mbili. Jumla sebule sita. Upande wa pili, tiketi, kumi na tano. Mwalimu akainama, akasoma, akazungukia upande mwingine wa meza akasoma tena kichwa chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa kimya.

"Na mwakani?" akauliza.

"Mwakani tutaipima upya. Ikiwa hakuna vyumba arobaini na hakuna wa kuolewa, naikata kwa mkasi huu. Sikuoana nayo."

"Basi lipa," Mwalimu alisema. "Kanyaga mafuta."

Akailipa ada. Halafu ikaanza kazi yenyewe. Alinunua majora ya ghorofa ya kwanza kwa kadi, na kabla risiti haijapoa alikuwa kwenye foleni ya benki na bahasha yake, pini na kipande cha kitambaa juu. Keshia wa benki alizoea kumwona. Pesa ikishaonekana kwenye kadi, anarudi kwa ghorofa ya pili. Nyumbani cherehani ililia kutwa. Mikunjo ilipigwa, riboni za juu zikashonwa, pindo zikapigwa pasi. Mwalimu, ambaye hakuwa na mwanafunzi Jumapili, alifundishwa kupachika ndoano, akazipachika zote kinyume, akazipachika tena.

Karibu na mwisho wa miezi mitatu, jora moja likaonekana lina mstari wa kasoro katikati. Bwana Jora alilipokea bila ubishi na kurudisha pesa kwenye kadi. Mama Mapazia alifurahia haki hiyo mpaka alipokuwa kitandani kupumzika mchana, macho juu ya dari, akakaa wima ghafla. Kitu kilichorudishwa hakijanunuliwa. Akampigia msichana wa dawati la kadi.

"Ni kweli, mama," msichana alisema. "Kimetolewa kwenye jumla yako. Umepungukiwa, lakini si sana. Una siku nne. Nunua kitu ambacho ungekinunua kwa vyovyote, usije ukanunua televisheni kwa ajili ya pointi. Watu wanafanya hivyo, halafu wanalia hapa mbele yangu."

Hakununua televisheni. Alinunua reli na ndoano za ukumbi wa kulia chakula wa Bibi Vyumba, alizopanga kuzinunua mwezi unaofuata, na uzi wa miezi sita. Siku ya mwisho ilipopita hakuuliza chochote. Alishona. Msichana ndiye aliyempigia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangilia akiwa kazini na hataki bosi asikie.

"Zimeingia, mama! Elfu ishirini na tano. Ukijumlisha zote, umevuka arobaini!"

Mama Mapazia akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akamwita Mwalimu kwa sauti iliyowafanya majirani watoke na vijiko mikononi.

Nafasi za pointi za siku ya karibu na harusi zilikuwa zimekwisha. Zilibaki za siku tatu kabla, kwa ndege ya kubadilisha njiani. Akazichukua mara moja. Mwalimu alimsindikiza uwanjani akikanyaga breki hewani kila taa nyekundu, ingawa waliendeshwa na mtu mwingine. Mlangoni alimshika mkono, akamwambia ale, alale, na asimkemee shemeji mpya siku ya kwanza.

Pacha alikuwa akingojea upande wa pili wa kioo. Walipoonana walishikana mashavu, wakakaguana kama wanavyokagua mshono, wakaambiana kwamba mwenzake ndiye amezeeka zaidi.

Siku ya harusi, ofisi ya ndoa ilikuwa chumba kidogo chenye meza, viti sita na saa ya ukutani. Mchumba alikuwa mtu mpole mwenye tai iliyompinda, na meno yake yote yalionekana kwa sababu hakuacha kutabasamu. Msajili akaingia na karatasi zake, akaketi, akavaa miwani. Akatazama mbele yake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Samahani," akasema. "Bibi harusi ni yupi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mchumba alionyesha kwa kidole haraka haraka, kama mtu anayeogopa kupewa asiye wake. Mama Mapazia akasogea hatua moja, akasimama kando ya dada yake, bega kwa bega.

"Ni huyu," akasema. "Mimi ni shahidi."

Msajili akamgeuzia karatasi. Akaandika jina lake lote polepole, bila kuruka herufi, akatia saini chini yake, na pacha akaegemea kumtazama mpaka kalamu ilipoinuka.